Nyasi za mapambo zikikusumbua, anza kuchunguza shingoni

Malalamiko kuhusu nyasi za mapambo hujirudia mno. Kichaka kimelala. Kimekufa katikati. Hakitoi masuke. Kimegeuka gugu na kujaa kila mahali. Mara nyingi anayelalamika huwa ameshika jani moja la juu, na jani hilo peke yake halisemi mengi, kwa sababu jani hukauka vilevile kwa kiu, kwa maji mengi, kwa chumvi, kwa dawa na kwa uzee. Jibu liko chini, kwenye shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mizizi. Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, lakini utaona karibu kila dalili inakurudisha palepale chini.

Kabla ya kununua mbolea au dawa yoyote, fanya mambo matatu. Fungua majani kwa mikono uione shingo, uibonyeze: ni ngumu, yenye weupe au ukijani ndani, au ni laini na inanuka? Chomeka kijiti kwenye udongo kina cha sentimita 10, ukichomoe: kimetoka kikavu, chenye unyevu kidogo, au kimelowa tope? Kisha hesabu saa ambazo jua linagusa mmea moja kwa moja. Usikisie. Toka nje asubuhi, mchana na alasiri uone kwa macho.

Vaa glavu nene unapofanya hivyo, na mikono mirefu. Majani mengi ya jamii hii yana silika kingoni, madini yaleyale ya kutengenezea kioo, na hukata ngozi kabla hujahisi. Kichaka kikiwa kirefu kuliko kiuno, vaa na miwani ya kukinga macho.

Jambo la mwisho la kujua ni kundi la nyasi zako. Kuna nyasi za joto, kama Miscanthus, Pennisetum, Panicum, Muhlenbergia na hata mchaichai, ambazo hukua kwa kasi joto likiwa kati ya nyuzi 25 na 35, na hulala baridi ikija. Kuna nyasi za baridi, kama Festuca, Calamagrostis na Deschampsia, ambazo hupenda nyuzi 15 hadi 24 na huzubaa joto likipanda. Halafu kuna jamaa zao wasio nyasi kamili, yaani Carex na mafunjo. Hao kwa kawaida utawatambua kwa kuviringisha shina vidoleni: utahisi pembe tatu. Shina la nyasi halisi ni duara na lina vifundo kama muwa. Usipojua kundi, utakata na kugawanya wakati usiofaa, na nusu ya matatizo yaliyo hapa chini huanzia hapo.

## Kichaka kinalala chini

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Mmea ukianguka, mtu hudhani umedhoofika, anauongezea mbolea. Mara nyingi umelala kwa sababu umeshiba kupita kiasi.

Tazama kwanza unavyolala. Majani yakiinamia upande mmoja, ule wenye mwanga, tatizo ni kivuli. Yakifunguka pande zote mfano wa bakuli na kuacha tundu katikati, ni mbolea, maji au uzee wa kichaka. Yakiinama baada ya mvua kubwa kisha yakainuka tena jua linapoyakausha, huna tatizo lolote. Ni uzito wa maji kwenye masuke.

Kivuli ndicho kisababishi cha kawaida zaidi. Nyasi ndefu za jua zinataka saa 6 au zaidi za jua la moja kwa moja. Zikipata pungufu, mashina hurefuka kutafuta mwanga yakiwa membamba. Hata kichaka kilichosimama vizuri miaka mitatu kinaweza kuanza kulala mwaka wa nne, kwa sababu mti wa jirani umekua na hakuna aliyegundua. Punguza matawi ya mti, au hamisha nyasi. Mmea wa jua haubembelezwi ukapenda kivuli. Mahali pale panda Carex au Hakonechloa macra, au Chasmanthium latifolium ambayo masuke yake bapa huning'inia na kutikisika kwa upepo mdogo kabisa. Hiyo ya mwisho hujimwagia mbegu, kwa hiyo iweke mahali unapopita kila siku.

Mbolea ndiyo ya pili. Naitrojeni iliyomo ndani yake hulifanya jani kuwa refu, pana na laini kuliko shina linavyoweza kulibeba. Jiulize pia kama kuna uwanja wa ukoka karibu. Mbolea inayorushwa kwenye ukoka huishia kwenye nyasi za mapambo za pembeni, na mwenye bustani huapa kwamba hajawahi kuziwekea kitu. Nyingi ya nyasi hizi asili yake ni kwenye udongo maskini. Tabaka jembamba la mboji mara moja kwa mwaka linazitosha, na kwenye udongo wenye rutuba hata hilo si lazima. Acha mbolea kabisa, na uwe na subira: kichaka kinaweza kuchukua msimu mzima au miwili kabla ya kusimama tena.

Maji ya kila siku hufanya kazi ileile ya mbolea. Kichaka kilichokwisha kushika mizizi ardhini, baada ya msimu wa kwanza, kinahitaji kumwagiliwa wakati wa ukame mrefu tu.

Ukikuta jua linatosha na udongo hauna ziada ya mbolea wala maji, shuku aina yenyewe. Miscanthus sinensis 'Zebrinus', yenye mikanda ya njano inayokata jani, ina tabia ya kufunguka na kulala. Ndugu yake 'Strictus' ana mikanda hiyohiyo lakini husimama wima kama mkuki. Katika hali hiyo kubadilisha aina kunakupunguzia kazi ya miaka kumi ya kufunga kamba.

Kwa msimu huu, chomeka vijiti vinne kuzunguka kichaka na uzungushe kamba kwenye theluthi ya urefu wake, mahali majani yataificha. Usikaze mfano wa ufagio. Hewa lazima ipite ndani, la sivyo utakaribisha kutu, ugonjwa wa kuvu wa majani. Na ifanye kazi hiyo kabla hakijaanguka, kwa sababu shina lililokunjika halinyooki tena. Kukata nusu ya urefu katikati ya msimu kunakirudisha kichaka kuwa kifupi, ni kweli, lakini mara nyingi utakuwa umekata na masuke yaliyokuwa yanaundwa ndani ya shina.

## Katikati pamekufa, pembeni kunachipua

Ukiona duara la kijani lenye upara katikati, uliza swali moja: imechukua muda gani?

Kama imekuja polepole, kwa miaka mitatu hadi mitano, huo ni uzee wa kawaida. Machipukizi mapya hutokea ukingoni, na katikati hubaki mabua makuukuu na mizizi iliyochoka. Dawa yake ni kugawanya. Nyasi za joto zigawanye zinapoanza kuchipua baada ya kulala. Nyasi za baridi zigawanye mwanzoni mwa kipindi chao cha kukua, kamwe si kwenye joto kali.

Siku moja kabla, mwagilia sana. Kata majani yabaki kama sentimita 15. Chimba kuzunguka kichaka chote kwa sepeto kali, kiinue, ukilaze ubavu. Kichaka kidogo hupasuka kwa sepeto au kwa uma mbili za bustani zilizogeuziana migongo. Kikubwa kitataka msumeno wa zamani au shoka. Chukua vipande vya pembeni tu, kila kimoja kikiwa na machipukizi matatu au zaidi na mizizi yake, ukubwa wa ngumi mbili. Katikati itupe kwenye mboji. Najua inauma kutupa, lakini kipande cha katikati kilichorudishwa ardhini hukaa miaka bila kufanya lolote. Panda vipande kwa kina kilekile vilichokuwa nacho, mwagilia siku hiyohiyo, na usiache mizizi ikipigwa na upepo hata kwa saa moja.

Kama katikati pamekufa kwa ghafla, ndani ya wiki au mwezi, huo si uzee. Shika majani uyavute kwa nguvu kiasi. Yakitoka bila ukinzani, angalia ncha ya chini. Iliyooza na kunuka ni maji kutuama. Soma sehemu ya umanjano hapo chini. Iliyotafunwa inaonyesha wadudu: chimba kidogo utafute mabuu meupe yaliyojikunja umbo la herufi C, au njia za udongo za mchwa zinazopanda kwenye mabua makavu. Mabuu machache yaokote kwa mkono. Mchwa wanaotafuna kichaka kilicho karibu na ukuta wa nyumba ni habari nyingine: usimwage dawa wewe mwenyewe, mwite mtaalamu wa kudhibiti mchwa akague na jengo, kwa sababu nyasi huenda si shabaha yao.

Simama pia kabla ya kuanza kuchimba kama kichaka ni Cortaderia, ile yenye masuke makubwa ya rangi ya maziwa, na kimefika mita mbili. Mizizi yake ni mizito kuliko mtu mmoja anavyoweza kuinua, na majani yake hukata vibaya kuliko ya nyasi nyingi za bustani. Ita watu wenye vifaa. Na popote panapoweza kuwa na waya wa umeme, bomba la gesi au la maji chini ya ardhi, usitumbukize sepeto mpaka ujue vimepita wapi.

## Ncha zimekuwa kahawia

Ncha chache za kahawia si ugonjwa. Nyasi ya baridi kwenye joto kali hugeuka kahawia kama njia yake ya kupumzika. Ipe maji ya kutosha mara moja kwa wiki, usiipe mbolea, na isubiri ubaridi. Nyasi ya joto inayokauka baridi inapoingia nayo inalala tu.

Nje ya hapo, anza na kiu, hasa kwa mmea uliopandwa mwaka huu. Mmea mpya hutegemea donge la mizizi uliotoka nalo kitaluni, na donge hilo linaweza kuwa kavu kabisa huku udongo unaolizunguka ukiwa na unyevu. Chomeka kijiti ndani ya donge lenyewe, si pembeni. Mwagilia polepole mpaka maji yashuke chini, mara moja au mbili kwa wiki, kuliko kunyunyiza kidogo kila jioni. Maji ya juujuu hufundisha mizizi kukaa juujuu.

Chumvi ndiyo inayofuata. Alama yake ni ukoko mweupe juu ya udongo, na hupatikana zaidi kwenye vyungu, au panapomwagiliwa maji ya kisima yenye chumvi. Kwenye chungu, mimina maji safi polepole mpaka yatiririke tunduni, acha yachuje, rudia mara mbili au tatu. Kama ni upande mmoja tu wa kichaka uliokauka, na kuna mbwa nyumbani, umepata jibu: suuza eneo kwa maji mengi na umzuie kwa muda.

Majani yakiwa na vidoa vidogo vya weupe kabla ya kukauka, yatikise juu ya karatasi nyeupe. Vinukta vikianza kutembea ni utitiri. Hupenda ukavu na vumbi. Nguvu ya maji kutoka kwenye mpira, ikielekezwa chini ya majani siku kadhaa mfululizo, huwapunguza kuliko watu wanavyoamini.

Kisababishi cha mwisho hakitajwi mara nyingi, na kinanisikitisha kwa sababu kinazuilika: dawa ya magugu. Zipo dawa zinazouzwa kwa ajili ya kuua nyasi kati ya maua, na kwa dawa hizo Miscanthus yako ni nyasi kama gugu lolote. Dalili yake ni hii: jani changa la katikati hugeuka njano au zambarau wakati majani ya zamani bado ni ya kijani, na ukilivuta hutoka kirahisi, chini likiwa limelainika na kuwa kahawia. Kama Carex iliyo jirani haina neno, ushahidi unakamilika, kwani jamii ya ndago huzistahimili dawa hizo. Hakuna cha kufanya zaidi ya kumwagilia kawaida na kusubiri kuona kama pembeni patachipua. Usijaribu kuufufua kwa mbolea.

## Umanjano, na chini kunalainika

Angalia umanjano ulianzia wapi. Majani ya chini, makuukuu, yakianza kuwa ya njano huku machanga ni ya kijani, na shingo ni ngumu, ni upungufu wa naitrojeni au ni majani yanayostaafu. Hapa, na karibu hapa tu, mbolea kidogo inasaidia. Majani machanga yakiwa ya njano na mishipa ikabaki ya kijani, ni upungufu wa chuma, ambao kwa kawaida hutokana na udongo wenye alikali nyingi. Pima pH, yaani kiwango cha asidi au alikali ya udongo, kabla ya kuongeza chochote. Nyingi ya nyasi hizi huridhika kati ya 5.5 na 7.

Umanjano wa mmea mzima pamoja na shingo laini ni maji kutuama, na hapo huna siku nyingi. Kwanza angalia kama ulipanda chini mno. Shingo inapaswa kuwa sawa na uso wa udongo au juu yake kidogo; ikizikwa sentimita 3 au 4 tu, huoza. Matandazo nayo yasiguse shingo, yaache nafasi ya upana wa vidole vitatu kuizunguka. Nimefukua vichaka vingi vilivyodhaniwa vina ugonjwa, na kosa lilikuwa hilo la matandazo peke yake.

Kama kina ni sawa, pima udongo. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache liishe, lijaze tena, kisha tazama saa. Maji yakishuka kwa pungufu ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo hautoi maji vizuri. Kuweka mchanga chini ya shimo la kupandia hakusaidii. Shimo linakuwa kikombe. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30 na upande juu yake, au kubali mahali palivyo na upande kinachopenda maji: mafunjo, au aina za Carex za majimaji. Kama maji yanatuama hata bila mvua, karibu na bomba la maji au mfumo wa majitaka, usiendelee kuchimba. Mwite fundi bomba kwanza.

## Hakuna masuke

Kivuli, tena, ndicho cha kwanza. Pili, umri: mmea mdogo kutoka kwenye chungu unaweza kuhitaji misimu miwili au mitatu. Tatu, mbolea iliyogeuza nguvu zote kuwa majani.

La nne ni wakati wa kukata, na hapa ndipo kundi linapohesabika. Calamagrostis na wenzake wa baridi huanza kukua mapema na kuunda masuke mapema. Ukichelewa kukata mpaka machipukizi yamefika kiwiko, unakata masuke ya mwaka mzima. Nyasi za joto hukupa muda zaidi, lakini nazo zikatwe kabla machipukizi hayajachanganyika na mabua ya zamani, zibakizwe sentimita 10 hadi 15. Funga kichaka kwa kamba kwanza, kisha kata chini ya kamba; kitatoka kama mganda mmoja, na hutaokota majani bustani nzima.

Mahali penye kipindi kifupi cha joto, baadhi ya Miscanthus za kuchelewa hufikiwa na baridi kabla hazijachanua. Tafuta aina ya mapema. Na kwa Cortaderia, kama masuke yapo lakini ni membamba na ya kusikitisha, huenda mmea umeoteshwa kwa mbegu. Mimea ya kike ndiyo yenye masuke manene, kwa hiyo nunua iliyogawanywa kutoka kwa mama unayemwona akiwa amechanua.

## Rangi imepotea

Mikanda ya 'Zebrinus' na 'Strictus' hutokea joto linapopanda. Majani ya mwanzo wa msimu huwa ya kijani tupu, usiyatupe. Ubluu wa Festuca glauca ni nta juu ya jani, hufutika ukiusugua na hupungua kivulini. Wekundu wa Pennisetum 'Rubrum' nao hufifia kivulini. Yote hayo hurudi kwa jua na majani mapya.

Lisilojirudi lenyewe ni chipukizi la kijani kwenye mmea wa mistari. Lichimbue na mizizi yake, kwani kijani hukua haraka kuliko mistari na hatimaye huimeza. Kwa Imperata cylindrica 'Rubra', ile yenye ncha za damu, hili si suala la urembo. Sehemu iliyorudi kuwa ya kijani ina tabia za gugu mama, ambalo ni miongoni mwa magugu sugu kabisa duniani. Ing'oe siku hiyohiyo, na kama sheria za unakoishi zinaikataza, usiipande kabisa.

## Unga kwenye majani au masuke

Pitisha kidole. Unga wa rangi ya chungwa ukibaki kidoleni ni kutu, kuvu inayohitaji majani kukaa na maji usiku. Kata majani yaliyoathirika zaidi, mwagilia asubuhi na kwenye udongo tu, panua nafasi kati ya mimea. Mwisho wa msimu toa mabua yote ya mmea huo nje ya bustani. Dawa ya kuvu ni nadra kuhitajika, kwa sababu kutu ya nyasi huchafua kuliko inavyoua.

Unga mweusi unaochukua nafasi ya mbegu ndani ya suke ni fugwe, ugonjwa mwingine wa kuvu. Usilitikise. Livalishe mfuko kwanza, ndipo ulikate.

Weupe uliojificha kati ya ala ya jani na shina, hasa kwenye Miscanthus, ndio ninaouogopa. Ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mmea. Kichaka hudumaa, masuke hujikunja kabla hayajatoka vizuri, na ukibandua ala ya chini unakuta nta nyeupe na doa jekundu kwenye shina. Dawa za kupuliza haziwafikii ndani humo. Kama ni kichaka kimoja, king'oe na mizizi, kifunge kwenye mfuko, usikiweke kwenye mboji, na usimgawie mtu hata kipande. Kama ni ua mzima, mwite afisa wa kilimo au mtaalamu wa afya ya mimea. Dawa za kuingia ndani ya mmea zina masharti, na hazipaswi kutumika kwa kubahatisha penye watoto, mifugo au kisima.

## Nilikata, hakijaamka

Subiri kwanza. Nyasi za joto husubiri udongo upate joto, na zinaweza kuchelewa wiki kadhaa nyuma ya bustani nyingine yote. Kwaruza mabua karibu na shingo: yakiwa magumu na yenye weupe ndani, kichaka ki hai.

Kisipoamka, mara nyingi kilikatwa chini mno, mpaka shingoni, au kilikatwa kabla ya baridi kali yenye mvua na maji yakaingia kwenye mabua yaliyo wazi. Festuca na Carex za kijani cha kudumu hazifyekwi. Hupunguzwa theluthi moja tu, na Stipa tenuissima huchanwa kwa vidole vyenye glavu mpaka majani makavu yatoke. Ukiwa umezifyeka hadi chini, huenda zisirudi.

Na usichome kichaka moto ili kukiharakisha, hata kama umeona wakifanya hivyo mashambani. Nyasi kavu hushika moto kwa kasi ya kutisha, na karibu na ukuta, uzio wa mbao au mtungi wa gesi hutakuwa na muda wa kuchota maji.

## Inavamia bustani

Ng'oa mche mmoja ulio mbali na mama. Ukitoka na mizizi yake tu, umeota kwa mbegu. Ukiwa umeunganishwa na kamba nyeupe yenye vifundo, ni shina linalotambaa chini kwa chini. Tiba zao ni tofauti kabisa.

Kwa mbegu, kata masuke yakiwa bado yamefungamana, kabla hayajaanza kupeperuka, uyatie mfukoni. Ujue pia ulichonacho. Pennisetum setaceum, ambayo wataalamu wa mimea sasa huiita Cenchrus setaceus, ni nzuri machoni, na mbegu zake husafiri kwa upepo. Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha yake ya mimea vamizi mwaka 2017, na imekuwa tatizo Hawaii na Australia. Ukitaka masuke yanayosimama bila hofu hiyo, kuna Calamagrostis × acutiflora 'Karl Foerster', iliyopewa jina la mkulima wa maua wa Ujerumani aliyeishi kati ya 1874 na 1970. Haitoi mbegu zinazoota, na mwaka 2001 chama cha wakulima wa mimea ya kudumu cha Marekani kiliichagua kuwa mmea wa mwaka. Penye joto jingi mwaka mzima, hata hivyo, haitafurahi. Ni nyasi ya baridi.

Kwa mashina ya chini, kama ya Imperata au Phalaris yenye mistari, usilime kwa jembe la kukata. Kila kipande chenye kifundo ni mmea mpya. Tumia uma, fuata kamba polepole mpaka mwisho wake, chekecha udongo kwa vidole. Vipande vianike juani kwenye sakafu ya saruji mpaka vikauke kabisa. Usivitupe porini, mtaroni wala mtoni. Ukitaka kuibakiza, ipande kwenye chungu kilichozikwa ukingo ukiwa sentimita 5 juu ya udongo, ukikague kila msimu. Kama imeshapita kwenye uzio wa jirani au imefika ukingo wa mto, toa taarifa kwa ofisi ya kilimo au mazingira kabla hujapuliza chochote, kwani dawa ya magugu ikiingia majini ina madhara kuliko gugu lenyewe.

Baada ya kung'oa, acha mahali pale wazi. Usipande kitu kwa msimu mmoja. Pita kila wiki mbili na uma mkononi, na kila chipukizi litakalotokea lifuate hadi kwenye kipande kilichobaki chini.